Mafundi Wanne, Saidia Fundi Wanane: Miezi Saba na Mashine ya Kori Mchanganyiko

Karatasi iliyobandikwa kwenye mfuniko wa mashine pale dukani iliandikwa kwa maka pen nyekundu: "i5 KIZAZI CHA 12. KORI 12. RAMU 16. SSD 512." Bei milioni moja na laki mbili, mazungumzo yapo. Ni kompyuta mpakato ya mtumba, imepitia Dubai. Hapa Dodoma neno hilo inabidi ulifafanue, maana Mtumba ndiko uliko pia mji wa serikali, na ukisema mashine yako imetoka Mtumba mtu anadhani una ndugu wizarani.

Kampuni iliyoitengeneza siitaji, na duka silitaji pia. Ninachokipima hapa ni prosesa iliyomo ndani, Intel Core i5-1240P, na mifumo mitatu niliyoiwekea. Utazikuta mashine nyingi zenye prosesa za ukoo huu katika maduka ya mjini, na wauzaji wengi wanaziuza kwa neno moja tu: kori kumi na mbili, yaani vitengo kumi na viwili vya kufanya kazi ndani ya prosesa moja.

Mimi ni mtu wa video. Sendoff, harusi, kipaimara, kwaya za makanisani. Ofisi yangu ni chumba kimoja Chang'ombe, ukuta wa nyuma ni saluni, na drayya zao zikiwashwa zote kwa pamoja taa yangu inafifia. Mashine niliyokuwa nayo ilikuwa i5-8250U, kori nne za aina moja. Tulivumiliana miaka mitano, feni ikilia kama mashine ya kusaga. Kwa hiyo niliposikia kori kumi na mbili, nikapiga hesabu ya sokoni: nne mara tatu, basi kazi itakwenda mara tatu. Tukashushana mpaka milioni moja na elfu themanini, kijana akaniongezea begi.

"Dada, hii ukiifungua tu unaanza kazi," akaniambia. "Windows nimeshakuwekea mwenyewe, 10, ile mliyoizoea."

Hilo la mwisho nililipokea kama wema.

Wiki tatu za kwanza mashine ilinichanganya. Kazi yangu ya mwisho kwa kila harusi ni kubana video kwa HandBrake, ile ya saa mbili ipungue iingie kwenye flashi ya mteja na kwenye simu za mashangazi. Kazi hiyo ni ya prosesa tupu. (Najua chipu ya picha inaweza kuifanya haraka zaidi. Nimejaribu, na kwa ukubwa uleule wa faili, nyuso za watu kwenye mwanga wa ukumbini zinatoka na mabakamabaka. Bi harusi hataki mabakamabaka.) Siku moja harusi ya saa mbili ilimalizika kwa dakika 40 hivi, nikafurahi. Siku ya pili, harusi ya urefu uleule, mipangilio ileile, ikavuka saa moja. Siku ya tatu dakika 40 tena. Siku ya nne saa moja na dakika kumi.

Nikalaumu joto. Ilikuwa Oktoba, mvua bado, na anayeishi Dodoma anajua Oktoba ilivyo: upepo mkavu, vumbi jekundu linaingia hata kwenye droo iliyofungwa. Nikanunua kile kistendi chenye feni mbili. Nikampelekea fundi akaipuliza. Nikahamisha meza mbali na dirisha. Mashine ikaendelea na tabia zake, leo mwepesi, kesho mzito.

Aliyelitatua ni mtoto wa kaka yangu, yuko CIVE, chuo cha mambo ya kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dodoma. Alikuja Jumapili kula, akanikuta nimefadhaika. Mama wa bi harusi alikuwa ametoka kunipigia: "Mwanangu, mkwe wangu anapanda basi asubuhi kurudi Mwanza, hiyo flashi itampata wapi?" Nikamjibu, "Shikamoo mama, ndiyo inamalizikia," na mkono wangu ulikuwa umeshafanya kile ninachofanya siku zote simu ikilia: umeficha dirisha la HandBrake ili nifungue WhatsApp nimtafutie mama picha za kumtuliza.

Mpwa akafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha mashine inafanya nini, akaigeuza ionyeshe kila uzi wa prosesa, yaani kila njia ya kupitishia kazi, peke yake. Vikatokea visanduku kumi na sita. Nane vya mwanzo vilikuwa vimelala kama mto wa kiangazi. Nane vya mwisho vimejaa mpaka juu.

"Shangazi, hebu lirudishe lile dirisha."

Nikalibofya. Visanduku nane vya mwanzo vikapanda hapohapo.

"Lifiche tena."

Nikalificha. Vikashuka.

Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikaanza kuhesabu ni usiku ngapi nimekesha kwa sababu ya kubofya alama moja ya kistari kwenye kona ya dirisha.

Sasa nieleze kilichomo, maana karatasi ya dukani haisemi. Hizo kori kumi na mbili si za aina moja. Nne ni kubwa, zinafika gigahezi 4.4, na kila moja inaweza kushika nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja. Nane ni ndogo, zinafika 3.3, kila moja uzi mmoja. Nne mara mbili ni nane, jumlisha nane, ndiyo visanduku kumi na sita. Kori ndogo nne zinakaa kwenye eneo linalokaribia la kori kubwa moja, ndiyo maana Intel waliona afadhali kuzipanga hivyo. Na ndogo haina maana ya hovyo: walipozieleza Agosti 2021 walizilinganisha na kori zao za Skylake za mwaka 2015, ambazo wakati wake zilikuwa ndizo kubwa. Kwa hiyo hata siku mbaya mashine hii ilinishinda ile ya zamani. Kilichoniumiza ni kulipia kumi na mbili, na siku nyingine nafanyiwa kazi na nane.

Mjini hapa kila kona inajengwa, basi picha yenyewe iko nje ya mlango. Kori kubwa ni fundi. Kori ndogo ni saidia fundi. Saidia fundi anabeba ndoo, anakoroga zege, anafanya mambo mengi na analipwa kidogo, ambapo kwa mashine malipo ni umeme na joto. Lakini kwenye site hakuna fundi wala saidia fundi anayejipangia. Anapanga nyapara. Kwenye kompyuta nyapara ni mfumo endeshi, Windows au Linux, na yeye ndiye anayeamua mara maelfu kwa sekunde uzi huu uende kwa nani.

Kwa miaka mingi nyapara wa kompyuta alikuwa na kazi nyepesi, kwa sababu wafanyakazi wote walikuwa sawa. Simu ndizo zilizotangulia. ARM walitangaza mpango wa kubwa na ndogo mwaka 2011, na Galaxy S4 ya 2013, ile yenye Exynos 5 Octa, ilikuwa na kori nane lakini nyapara wake aliweza kutumia kundi moja la nne tu kwa wakati. Leo simu ya kawaida yenye Helio G85 ina kori kubwa mbili za Cortex-A75 na ndogo sita za A55, na mwenye simu hana habari, maana Android inapanga vizuri. Apple wakaileta kwenye kompyuta zao Novemba 2020 kwa M1, nne na nne. Intel walianza na chipu moja ya majaribio, Lakefield, mwaka 2020, kisha Novemba 2021 wakaja na kizazi cha 12 kwenye kompyuta za mezani, na za kubeba zikafuata 2022.

Kuna kitu kingine Intel waliweka ndani, na ndicho kinachonifanya niisifu prosesa hii. Kinaitwa Thread Director. Ni kipande cha prosesa kinachotazama kila uzi unafanya hesabu za namna gani, kisha kinaandika jedwali: uzi wa aina hii ukikaa kwenye kori kubwa utapata kasi kiasi gani, ukikaa kwenye ndogo utaokoa umeme kiasi gani. Kinatenga nyuzi kwa madaraja. Kuna daraja la zile zenye hesabu nzito ambazo kori kubwa inazimudu maradufu. Na kuna daraja la mwisho, nalipenda sana, la nyuzi zinazozunguka tu zikisubiri wenzao. Nyuzi hizo haziongezewi kitu na kori kubwa, zipelekwe kwa saidia fundi zikasubirie huko. Mashine ikipata joto jedwali nalo linabadilika. Lakini hiki kipande hakiamrishi. Kinamnong'oneza nyapara tu. Nyapara asiyejua lugha yake anapanga kwa kubahatisha.

Windows 10 haijui lugha hiyo. Ilitoka 2015, prosesa imetoka miaka saba baadaye. Inatambua kwamba kori ziko za namna mbili, lakini jedwali la Thread Director hailisomi, inabaki na kanuni zake: dirisha lililo mbele ni la mwenye nyumba, lililofichwa ni la wageni, wapelekwe kori ndogo. Kwa mtu wa ofisi anayeandika barua na kufungua barua pepe, kanuni hiyo haina ubaya. Kwa mtu anayeacha video inabanwa huku akijibu wateja, ni hasara. Dawa ipo: nilipoingia kwenye mipangilio ya umeme nikachagua ule mpango wa kasi ya juu kabisa, visanduku vyote vikajaa hata dirisha likiwa limefichwa. Ila feni haikunyamaza tena siku nzima, na betri ikawa ya mapambo. Windows 10 nayo iliachwa kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kumwekea mteja mfumo huo kwenye prosesa hii ni kumpa dereva wa basi la mwendokasi ramani ya Dodoma ya enzi za CDA, ile mamlaka ya zamani ya kupanga mji.

Nilimuuliza yule kijana wa dukani kwa nini aliiondoa Windows 11. Jibu lake lilikuwa la kweli, nikashindwa kumgombeza. Ana flashi moja. Flashi hiyo anaiweka kwenye kila mashine inayoingia dukani, ya kizazi cha nne mpaka cha 12, na Windows 11 kwa utaratibu wake haikubali prosesa za Intel za zamani kuliko kizazi cha 8. Kwa hiyo flashi ya 10 ndiyo inayomalizia duka zima.

Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, mwezi mmoja kabla ya prosesa za ukoo huu, na mambo hayo mawili yalipikwa pamoja. Nilishusha faili lake usiku, zaidi ya GB 5, bando la usiku likaisha na mimi nimelala kwenye kiti. Kuliweka ilichukua chini ya saa moja. Jambo lililonishangaza: halikuniuliza namba ya leseni. Mashine hizi za kampuni kubwa leseni yake imechomwa ndani ya ubao, ukirudisha toleo lilelile inajiwasha yenyewe ukiunganisha intaneti. Nililipa milioni na ushee, leseni halali ikiwemo, halafu nikatumia ya flashi kwa wiki tatu.

Matokeo? Nikiwa nimechomeka chaja, harusi ya saa mbili inakwenda dakika 38 mpaka 42, nifiche dirisha nisifiche. Naweza kubana moja huku nahariri nyingine, na mkono wa uhariri hauburuti. Umeme ukikatika ndipo tabia inabadilika, na lazima ulijue hili kabla hujailaumu mashine. Ikiwa kwenye betri, Windows 11 inalitazama dirisha: lililo mbele linapewa heshima zote, linaloonekana pembeni linapewa ya kati, lililofichwa kabisa linapelekwa kori ndogo ili kuokoa chaji. Kwa hiyo umeme ukienda, na kazi ni ya haraka, siifichi HandBrake. Naiacha ionekane, naweka WhatsApp nusu ya pili ya kioo. Kazi ikiwa si ya haraka naificha makusudi, feni inatulia, betri inadumu. Nimeanza kuutumia ule ujinga wa mwanzo kama swichi.

Kwenye matoleo ya karibuni ya Windows 11 utaona pia kwenye Task Manager alama ya jani dogo la kijani pembeni ya programu fulani. Hizo zimewekwa kwenye hali ya kubana matumizi. Ukiona jani kwenye programu yako ya kazi, ibofye programu hiyo kwa kitufe cha kulia ujaribu kuizima hali hiyo.

Mfumo wa tatu niliujaribu kwa sababu ya mpwa na kiburi chake. Ubuntu 24.04, toleo la Linux lililotoka na keneli, yaani kiini cha mfumo, namba 6.8. Tukaigawa diski, mifumo miwili ikakaa nyumba moja. Linux haijali kabisa dirisha lipi liko mbele. Ficha, funua, ni mamoja kwake. Inajua kori zipi zina nguvu, inazijaza hizo kwanza, kisha ndogo. Yale majedwali ya prosesa Linux ilianza kuyasoma toleo la 5.18 la Mei 2022, na kazi ya kuwapanga wafanyakazi wasio sawa ilikuwa imeshaanza humo zamani kwa ajili ya simu. Toleo la 5.0 la mwaka 2019 ndilo lililoingiza upangaji unaopima umeme kwenye chipu za ARM. Muda wa kubana harusi ulikuwa uleule wa Windows 11, tofauti ya dakika moja au mbili ambayo nisingeapia.

Kilichonivutia ni kwamba hapa nyapara anaweza kuwa mimi. Ukiandika lscpu na kuomba orodha ndefu, unaona kori moja moja na kasi yake ya juu, 4400 na 3300, hakuna kufichana. Namba 0 mpaka 7 ni nyuzi za kori kubwa, 8 mpaka 15 ni ndogo. Nikianzisha kazi ya kubana kwa kutanguliza "taskset -c 8-15", kazi hiyo haitoki kwa saidia fundi hata iweje, na mafundi wanne wanabaki wangu. Usiku nalala chumba hichohicho msimu wa harusi ukipamba moto. Mashine ikibana kwa kori ndogo peke yake inachukua saa moja na kidogo kwa harusi, lakini feni husikii. Hiyo kwangu ni thamani.

Hata hivyo sikuhamia. Programu yangu ya kuhariri, kwa toleo la bure, kule Linux haifungui mafaili ya kamera yangu mpaka niyabadilishe kwanza, na mimi siwezi kuongeza hatua kati ya kamera na mama wa bi harusi. Ubuntu imebaki ya usiku.

Mambo madogo nimalizie. Betri si ya kujivunia: prosesa hii ni ya daraja la wati 28, ukitaka kukaa siku nzima kwenye semina bila chaja tafuta ndugu yake mwenye herufi U, i5-1235U, ana mafundi wawili tu na saidia fundi walewale wanane. Kwa anayecheza michezo: prosesa hizi zilipotoka 2021, ulinzi wa kuzuia wizi kwenye michezo kadhaa ulidhani kori ndogo ni kompyuta ya pili ya mwizi, mchezo ukagoma. Ikawekwa njia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, za kompyuta za mezani ya kuzipumzisha kori ndogo kwa kubonyeza Scroll Lock, kile kitufe ambacho sikuwahi kukijua kazi yake. Mengi yalisharekebishwa. Na ukisikia mtu anajisifu prosesa yake ya kizazi hiki ina AVX-512, seti ya amri za hesabu nzito, mwambie ilizimwa: kori kubwa zilikuwa nayo, ndogo hazina, na kazi haiwezi kuhamishwa kati ya wawili wasioelewana amri. Ndoa hiyo ilivunjwa mapema.

Hukumu yangu: nunua, nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya betri. Ila pale dukani kabla hujatoa hela, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, tazama visanduku, fungua kitu kizito kisha ukifiche. Na uulize ni Windows ipi, bila aibu, hata kama nyuma yako kuna foleni.

Wiki iliyopita nilirudi pale dukani kutafuta chaja ya akiba. Kuna nyingine mezani, kizazi cha 12, maka pen ileile, KORI 12. Nikaibofya. Windows 10. Kijana akanitazama ninavyotazama.

"Dada, ile flashi yako ya 11 unayo hapo?"

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Akaivuta stuli, akaniambia nikae, itachukua muda kunakili, na akamtuma mdogo wake aniletee soda.